Nani Maskini? Historia ya Mlango wa Medicaid Marekani

Kila tunapofika kwenye mada ya hifadhi ya jamii katika nchi za kibepari, wanachuo wetu huuliza: Marekani, pamoja na utajiri wake wote, huamuaje ni maskini yupi atibiwe kwa fedha za serikali? Jibu jepesi ni kwamba hupimwa kipato. Historia inalikataa jibu hilo. Kwa zaidi ya miaka 40 umaskini peke yake haukutosha.

Medicaid ilizaliwa tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria mjini Independence, Missouri. Sheria hiyo hiyo ilizaa Medicare, bima ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Mzee alipewa haki. Maskini alipewa masharti. Ilimpasa awe fukara, na juu ya hapo awe wa kundi lililotajwa: mtoto aliyekosa matunzo ya mzazi pamoja na mama yake, kipofu, mlemavu au mzee. Kibarua mwenye nguvu zake, asiye na mtoto, alibaki nje hata kama hakuwa na senti.

Ubaguzi huu una mizizi mirefu. Sheria ya Maskini ya Uingereza ya mwaka 1601 iliwatenga wasiojiweza na wenye nguvu za kufanya kazi, nao walowezi wakavuka nayo bahari. Mwenye mali aliogopa kibarua mwenye pa kuegemea, kwa kuwa angekataa ujira wa kijungujiko.

Huko Kusini ukaongezeka ubaguzi wa rangi. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje ya pensheni vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, kazi walizofanya Weusi wengi. Posho za mafukara zikaachwa mikononi mwa majimbo. Alabama, mwaka 1964, iliweka kanuni ya kuwanyima watoto posho kama mama yao ana uhusiano na mwanamume, hata asiye baba yao. Mahakama Kuu ya nchi ikaitengua mwaka 1968. Tusisahau kuwa posho hiyo ndiyo ilikuwa mlango wa Medicaid. Aliyeshika orodha alishika ufunguo wa hospitali. Arizona haikujiunga hadi 1982.

Sheria ya mwaka 2010 ilitaka kila mtu mzima wa chini ya miaka 65 mwenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini aingizwe. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba majimbo yasilazimishwe. Texas ilikataa, na matokeo yake ni kichekesho cha kuliza: asiye na mtoto aliye chini ya kiwango cha umaskini hukosa, huku mwenye nafuu kidogo kumzidi akipata ruzuku ya kununua bima.

Arkansas ilipodai uthibitisho wa kazi mwaka 2018, watu zaidi ya 18,000 walifutwa katika miezi michache. Sheria ya Julai 2025 imelirudisha sharti hilo: saa 80 kwa mwezi, kufikia mwaka 2027.

Nasi tusiwacheke. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze hapa Tanzania mwaka 1993, asiye na uwezo amekuwa akitakiwa kuuthibitisha ufukara wake ndipo asamehewe malipo. Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, nayo inawataja wasio na uwezo. Je, kijijini orodha hiyo itaandikwa na nani, na aliyeachwa akalalamike wapi?