Mwalimu tarajali na kishikwambi: teknolojia inaingiaje darasani?

Kila mwaka shule nyingi za vijijini nchini Tanzania hupokea wageni wanaokaa wiki kadhaa. Ni wanachuo wa ualimu waliokuja kufanya mazoezi ya kufundisha kwa vitendo, yale ambayo wenyewe huyaita BTP. Huja na azimio la kazi, andalio la somo, manila na kalamu za rangi. Siku hizi wengi huja pia na simu janja au kishikwambi, pamoja na agizo kutoka chuoni kwamba TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, ionekane katika ufundishaji wao.

Mzazi mwenye mtoto katika shule hiyo ana haki ya kuuliza: kifaa hicho kinamsaidia nini mwanangu? Wiki hizo ni za mwanachuo kujifunza, lakini kwa mtoto ni vipindi halali vya mwaka wake wa masomo, na havirudiwi.

Vifaa vilifikaje shuleni?

Wengi mnakumbuka sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakijaza majibu kwenye vishikwambi badala ya karatasi. Kazi ile ilipokwisha, Serikali iliamua vifaa hivyo viende kwa walimu. Ndivyo shule ambazo hazikuwahi kuwa na kompyuta hata moja zilivyojikuta na vishikwambi. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na walimu walioko kazini wana mpango wao wa mafunzo endelevu, MEWAKA, ambao sehemu yake hufanyika kwa njia ya mtandao.

Kenya ilipita njia nyingine. Ahadi ya kampeni ya mwaka 2013 ilikuwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Utekelezaji ulipoanza mwaka 2016, kompyuta zilikuwa zimegeuka vishikwambi, na vilisambazwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 uliweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, kwa hiyo mwalimu anayesomea kazi hiyo hana hiari ya kuukwepa.

Kifaa peke yake hakifundishi

Hapa kuna ushahidi ambao kila chuo cha ualimu kingefaa kuubandika ukutani. Nchini Peru, serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini. Watafiti walifuatilia shule 319, na matokeo yao yakatoka mwaka 2012. Baada ya miezi 15 hivi, watoto walikuwa wakitumia kompyuta zaidi ya wenzao, na kulikuwa na dalili nzuri katika baadhi ya vipimo vya kufikiri. Lakini katika hisabati na lugha, waliopewa kompyuta hawakuwazidi wasiopewa.

Jaribio la pili ni la jirani zetu wa Kisumu, Kenya. Huko walilinganisha njia tatu za kugawa vifaa katika mpango wa kufundisha kusoma: kundi moja vifaa walipewa wasimamizi wanaotembelea walimu, kundi la pili walimu wenyewe, na kundi la tatu wanafunzi. Makundi yote matatu yalisoma vizuri kuliko shule zilizokuwa nje ya mpango. Tofauti kati ya makundi hayo matatu, hata hivyo, haikuwa ya maana. Njia iliyogharimu kidogo kuliko zote ilikuwa ile ya msimamizi, kwa sababu mtu mmoja mwenye kifaa kimoja huhudumia shule nyingi, akikaa darasani, akipima watoto kusoma na kumshauri mwalimu papo hapo. Baadaye mpango wa kitaifa wa Tusome ulifuata njia hiyo.

Kwa hiyo mtoto wako hajapoteza bahati kwa kuwa hana kishikwambi chake. La kuangalia ni kama mwalimu wake ana mtu wa kumfuatilia na kumwelekeza.

Mwanachuo anafundishwa nini?

Kwa muda mrefu somo la kompyuta vyuoni lilikuwa kuwasha, kuandika barua, kuchora jedwali na kuzima. Mtu alifaulu mtihani wake, akafika darasani asijue la kufanya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, Punya Mishra na Matthew Koehler, walieleza sababu kwa lugha ambayo vyuo vingi vimeifuata. Walisema mwalimu anahitaji maarifa ya aina tatu: kulijua somo lenyewe, kujua namna ya kufundisha, na kujua teknolojia. Ugumu uko pale yanapokutana. Mtu anaweza kujua sehemu zote za moyo na kuimudu simu yake vizuri, lakini asijue ni wakati gani video ya moyo itamfanya mtoto aelewe, na ni wakati gani itamfanya atazame tu kama anavyotazama sinema.

UNESCO nayo ina mwongozo wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu. Toleo lake la tatu, la mwaka 2018, lina ngazi tatu. Mwanachuo anayeanza yuko ngazi ya kwanza, ya kutumia kifaa kusaidia kile anachofundisha tayari. Si vibaya akabaki hapo mwaka wake wa kwanza wa kazi. Wanaorukia ngazi za juu ndio mara nyingi tunaowaona wakipambana na waya huku kengele inalia.

Watoto 90, simu moja

Chukua kipindi cha sayansi kuhusu mapigo ya moyo. Mwanachuo ana simu moja na darasa lina wanafunzi 90. Akionyesha video, watakaoona ni walio mstari wa mbele. Wa mstari wa nne wataona migongo ya wenzao, na wa nyuma kabisa wataanza mambo yao.

Sasa aitumie simu ile ile kama saa. Kila mtoto aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kutafuta mapigo yake. Mwalimu aweke kengele ya sekunde 30, wote wahesabu kimya hadi ilie, kila mmoja azidishe kwa mbili na kuandika. Kisha watoke nje, waruke kwa dakika moja, warudi na kuhesabu tena. Ubaoni kutakuwa na jedwali la takwimu zilizotoka kwenye miili yao wenyewe, na swali litajileta: kwa nini moyo umeongeza kasi? Hapo hakuna bando lililotumika wala projekta iliyohitajika, na hakuna mtoto aliyekaa bure.

Kama video ipo, sasa ndiyo nafasi yake, na iwe ya dakika mbili au tatu, wanafunzi wakiitazama kwa vikundi huku wengine wakichora grafu ya takwimu zao. Mwanachuo aliyejiandaa huwa ameitazama yote nyumbani na anajua atakaposimamisha ili aulize, “Sasa damu itaelekea wapi?” Sauti ikiwa ndogo, simu ikiwekwa ndani ya ndoo tupu itasikika zaidi. Kilichobaki ni kuwatuliza wanaocheka ndoo.

Matumizi mengine yasiyotajwa sana ni kurekodi sauti. Katika darasa la pili lenye watoto wengi, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa siku moja. Akirekodi watoto watano kila siku, dakika moja kila mmoja, jioni atasikiliza kwa utulivu na kujua nani anarukaruka silabi na nani amekariri ukurasa bila kuusoma. Kwa maoni yetu, hili lina faida kuliko slaidi zozote.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazoandika andalio la somo kwa sekunde chache, wanachuo wanazitumia, na hakuna haja ya kujifanya hatujui. Zinaweza kukosea kwa kujiamini kabisa, na hupenda kuleta mifano ya theluji na matunda ambayo mtoto wa Kongwa hajawahi kuyaona. Kila sentensi ilinganishwe na kitabu cha kiada kabla haijafika ubaoni.

Umeme na bando

Projekta ya kawaida inakula wati 250 hivi. Kuiwasha kwa kipindi kimoja cha dakika 40 ni karibu sawa na kuchaji simu saba au nane kutoka sifuri. Sola ndogo ya kuwasha taa za ofisi ya mwalimu mkuu haiwezi kazi hiyo, na mwanachuo anayetoka chuo chenye umeme wa gridi hulijua hilo akiwa amechelewa. Spika ndogo inayochajiwa ni rafiki zaidi wa shule ya kijijini.

Bando nalo lina hesabu yake. Hotuba ya dakika 10 iliyorekodiwa kwa ubora wa kawaida ni MB 5 hivi. Video ya muda huo huo, hata ya ubora mdogo, hula mara kadhaa ya hapo. Vitabu na video zipakuliwe mara moja, mahali penye mtandao mzuri, zihifadhiwe kwenye memori kadi na kugawiwa walimu wengine bila kununua bando tena.

Redio nayo ni teknolojia

Redio iliingia darasani zamani kabla ya vishikwambi. Nikaragua ilianza mradi wa hisabati kwa redio mwaka 1974. Kenya ilijaribu Kiingereza kwa madarasa ya chini miaka ya 1980, na Zanzibar ilitumia vipindi vya aina hiyo kwa watoto wa elimu ya awali miaka ya 2000. Ufundi wake ni kwamba mtangazaji huuliza kisha hunyamaza sekunde chache ili watoto wajibu kwa sauti, waruke au wahesabu vidole. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, ilikuwa redio tena iliyowafikia watoto wengi wasio na intaneti. Mwanachuo anaweza kurekodi kipindi kizuri na kukitumia wiki inayofuata, akikisimamisha anapotaka.

Picha za watoto

Hapa pana hatari ambayo vijana wengi hawaioni. Mwanachuo anapiga picha ya somo lake ili mkufunzi aone, kisha anaiweka kwenye hali ya WhatsApp au Facebook. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto ni taarifa yake binafsi. Kenya, yenye sheria ya mwaka 2019, ilitoa fundisho Septemba 2023: shule moja ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Mzazi anaweza kumwendea mwalimu mkuu na kuuliza ni nani anapiga picha darasani na zinaenda wapi. Mwanachuo naye aombe ruhusa kabla, apige picha ya ubao, zana au mikono ikifanya kazi badala ya nyuso, na rekodi za sauti za wasomaji wake azifute akishamaliza kuandika alama.