Kutoka Makina hadi Eastleigh: Njia ya Ndege za Vita Jijini Nairobi

Ziara ya historia ya ndege za vita jijini Nairobi inafaa ianzie mahali pasipo na uwanja wa ndege: Makina, Kibera. Ndege ndogo za Uwanja wa Wilson hupita juu ya mabati ya mtaa huu tangu alfajiri, na wenyeji hawainui hata kichwa. Lakini ardhi iliyo chini yake ilitengwa kwa ajili ya askari miaka mingi kabla rubani wa kwanza hajatua Nairobi. Anayeanzia hapa, akashika Barabara ya Ngong, akazungukia Lang'ata na kuishia Eastleigh, atakuta kwamba habari ya vita vya angani haitengani na habari ya ardhi.

Wazee wa Makina ni kizazi cha askari wa Kisudani walioingizwa katika majeshi ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakawa uti wa mgongo wa King's African Rifles (KAR), jeshi lililoundwa mwaka 1902. Waliostaafu waliruhusiwa kujenga katika msitu wa Kibera. Upimaji wa mwaka 1912 ulionyesha takriban ekari 4,200, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Hapa ndipo askari walipojifunza kulenga shabaha, na wenyeji husimulia kwamba jina la Laini Saba ni kumbukumbu ya uwanja huo wa bunduki.

Askari hao walipokuwa wakipigana kwa miguu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege za vita zilianza kuonekana Afrika Mashariki. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Novemba 1914 rubani wa kukodiwa, H. D. Cutler, alipaa kutoka kisiwa cha Niororo kwa ndege ya Curtiss inayotua majini, akaenda kuitafuta. Mwezi uliofuata ndege yake iliharibika na yeye akatekwa. Mnamo 11 Julai 1915 marubani waliotokea Mafia walizielekeza bunduki za meli za Kiingereza, na Königsberg ikaangamia. Mwaka 1916 Kikosi cha 26 cha marubani wa Afrika Kusini kiliweka kambi Mbuyuni, karibu na Taveta. Kazi kubwa ya ndege siku hizo ilikuwa kuona, kwa kuwa mabomu ambayo ziliweza kubeba yalikuwa machache na madogo.

Kituo cha pili ni Dagoretti Corner, pale barabara ya kwenda Kawangware inapochepuka kutoka Barabara ya Ngong. Leo panajulikana kwa makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, ambako maputo hurushwa kupima upepo na joto la tabaka za juu, takwimu ambazo kila rubani anazihitaji. Upande huu wa Dagoretti ndipo Florence Kerr Wilson, mjane mlowezi, alipoanzishia Wilson Airways mwaka 1929 akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege nyepesi aina ya Gipsy Moth. Mwaka 1933 shughuli zilihamia uwanja mpya wa Nairobi West, kando ya Barabara ya Lang'ata, uwanja ambao tangu 1962 unaitwa Wilson.

Hebu tuziweke tarehe hizo kando ya zile za Kibera. Mwaka 1928, mwaka mmoja tu kabla ya Wilson Airways, jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia. Watawala wapya waliwahesabu wastaafu wa KAR kuwa wapangaji wa Serikali ya Mfalme, watu wa kuondolewa wakati wowote. Tume ya Ardhi ya Carter, katika ripoti yake ya miaka ya 1930, ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwa askari hao wa zamani. Wajibu ukaandikwa, hati hazikuandikwa. Mji ulipokuwa ukitafuta nafasi ya ndege, jirani yake ilikuwa jamii ya wanajeshi isiyo na uhakika wa kulala pale pale mwaka unaofuata.

Septemba 1939 vita vilipozuka, ndege za Wilson Airways na marubani wake walichukuliwa na serikali, wakaundwa kuwa kikosi cha akiba cha anga cha Kenya. Ndege zilizokuwa zikibeba barua na abiria zikapewa kazi ya kulinda doria pwani. Kikosi cha marubani wa Rhodesia ya Kusini nacho kilifika Nairobi, na Aprili 1940 kikapewa namba mpya: Kikosi cha 237 cha jeshi la anga la Uingereza. Italia iliingia vitani 10 Juni 1940. Kesho yake ndege za Afrika Kusini zilishambulia eneo la Moyale, na siku mbili baadaye Waitalia wakaipiga Wajir kwa mabomu. Cha ajabu ni kwamba ndege hizo za Afrika Kusini, Junkers Ju 86, zilikuwa za Kijerumani: zilinunuliwa kubeba abiria, kisha zikafungwa mabomu. Majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Mogadishu Februari 1941, na tarehe 6 Aprili yakawa Addis Ababa.

Gharama ya ushindi huo inasomeka katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, mbele kidogo kwenye Barabara hiyo hiyo ya Ngong. Yalifunguliwa mwaka 1941 na yana zaidi ya makaburi 1,900 ya Vita vya Pili vya Dunia. Inafaa kuinama na kutazama nembo kwenye mawe ya makaburi. Mwanahewa wa Uingereza ana tai aliyekunjua mabawa chini ya taji. Mwenzake wa Afrika Kusini, hata kama alikufa angani, ana kichwa cha swala kama mwanajeshi yeyote wa nchi yake. Ndani ya makaburi umo Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya askari wa nchi kavu wasio na kaburi linalojulikana, pamoja na waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wakielekea Ceylon. Wanahewa waliopotea bila kaburi katika vita hivyo hivyo hawamo. Majina yao yako El Alamein, Misri.

Kutoka hapo njia inarudi kupitia Lang'ata. Wilson bado ni makao ya kitengo cha ndege cha polisi, na kitengo hicho kinatuingiza katika vita vya tatu, ambavyo ziara nyingi huviruka. Wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, ndege zake nyepesi zilidondosha chakula kwa doria na kuwaonyesha marubani wa kijeshi mahali pa kupiga. Machi 1953 zililetwa ndege za mafunzo aina ya Harvard, zikafungwa mabomu madogo na baadaye kuwekwa Mweiga, Nyeri. Novemba mwaka huo mabomu mazito yalifika na ndege za Lincoln, zenye injini nne, zilizokaa Eastleigh, kituo kilichojengwa wakati wa Vita vya Pili. Shabaha zilikuwa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Ndege nyingine zilizunguka na vipaza sauti zikiwataka wapiganaji wajisalimishe. Aprili 1954, Operesheni Anvil iliwakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi na kuwapeleka vizuizini. Lincoln na Harvard ziliondolewa 1955. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, na waliomkamata walikuwa polisi wa ardhini.

Eastleigh ilibaki na Jeshi la Anga la Kenya, lililoundwa Juni 1964, na hadi leo ni kambi ya kijeshi ambayo mgeni huitazama akiwa nje ya ua. Kibera ilisubiri zaidi. Juni 2017 Wanubi, yaani kizazi cha wale askari wa Kisudani, walikabidhiwa hati miliki ya pamoja ya ekari 288, sehemu ndogo sana ya zile zilizopimwa mwaka 1912.

Ndiyo maana mwongozaji wa ziara hii anapaswa kuwa mtu wa Kibera au Kawangware, na malipo yabaki huko. Uwanja wa Wilson una jina la Florence Wilson, na makaburi yana nembo na orodha zinazotunzwa. Habari za KAR wa Makina na za familia zilizofagiliwa na Anvil ziko kwa wazee na katika masanduku ya karatasi majumbani. Kuzirekodi sasa, pamoja na tarehe na mahali, ni kazi ya dharura kuliko kutafuta ndege kuukuu ya kuweka mbele ya jumba la makumbusho.