Lango la Gereza la Kaunti: Historia ya Tendo Moja la Huruma



Wapendwa wanaparokia, miongoni mwa matendo saba ya huruma ya kimwili tuliyofundishwa katika katekesi, lipo moja ambalo wengi wetu tunalikariri vizuri na kulitenda kwa nadra. Tendo hilo ni kuwatembelea wafungwa. Wenye njaa tunawagawia chakula, wagonjwa tunawapelekea uji hospitalini, na msiba ukitokea jumuiya nzima hufika kuzika. Lakini tukifika mbele ya lango la gereza tunasita, na swali linalotusitisha ni hili: aliyeko humo ndani, je, hakuyataka mwenyewe?

Wiki hii tumeona vema tulipeleke swali hilo kwenye historia. Tumechagua gereza la kaunti, kwanza huko Uingereza na kisha Marekani, kwa sababu tangu mwanzo gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya mtu ambaye hajahukumiwa bado.

Kaunti ni sehemu ya nchi yenye utawala wake, mfano wa mkoa au wilaya kwetu. Mwaka 1166 Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza aliagiza kwamba kila kaunti isiyo na gereza ijengewe, nalo liwe chini ya sherifu, yaani afisa wa mfalme katika kaunti hiyo. Kazi ya gereza hilo haikuwa hasa kuadhibu. Ilikuwa kumshikilia mtuhumiwa mpaka majaji wafike katika mzunguko wao, ambao kwa kawaida uliwafikisha kila kaunti mara 2 kwa mwaka. Aliyekamatwa majaji wakiwa wameondoka juzi alikaa miezi mingi akingoja, awe na hatia au asiwe nayo. Wala hakulishwa vya kutosha. Uhai wake ulitegemea sana ndugu na watu wema waliopita langoni.

Wakristo walikuwa wameijua hali ya namna hiyo karne nyingi kabla ya mfalme huyo. Mwaka 203 huko Karthago, Afrika ya Kaskazini, Perpetua, mama kijana mwenye mtoto anyonyaye, alifungwa pamoja na Felisita na wakatekumeni wenzao. Mashemasi wawili, Tertio na Pomponio, waliwaendea gerezani, wakawalipa askari ili wafungwa wale watolewe kwa saa chache katika giza na joto, wakae mahali penye nafuu. Hapo Perpetua akapata kumnyonyesha mwanawe. Mashemasi hawakuweza kuivunja hukumu ya Dola ya Kirumi. Walichoweza ni kuwapatia saa chache za hewa na maziwa ya mtoto, nacho wakakifanya. Perpetua na Felisita tunawataja hadi leo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza.

Turudi Uingereza. Gereza la kaunti ya Lancashire lilikuwa ndani ya ngome ya mji wa Lancaster. Mwaka 1628 walishikiliwa humo mapadre wawili Wakatoliki, Edmund Arrowsmith na John Southworth, kwa kuwa zama hizo upadre wenyewe ulihesabiwa kuwa kosa la uhaini. Tarehe 28 Agosti Padre Arrowsmith alitolewa kwenda kunyongwa. Alipokuwa akivuka ua wa ngome aliinua mikono, ishara waliyokuwa wamepatana, na Padre Southworth akiwa dirishani pake akampa maondoleo ya dhambi. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kumkaribia, basi mfungwa akamhudumia mfungwa. Southworth naye aliuawa London mwaka 1654, na wote wawili leo ni watakatifu wa Kanisa.

Tusidhani kwamba mateso ya magereza hayo yalikuwa ya Wakatoliki peke yao. Katika gereza la kaunti ya Bedford alifungwa mhubiri wa Kiprotestanti, John Bunyan, tangu mwaka 1660 hadi 1672, kwa kosa la kuhubiri bila kibali. Mkewe Elizabeth alikwenda mbele ya majaji mwaka 1661 kumwombea, akarudi mikono mitupu. Bunyan alisokota kamba za viatu gerezani ili watoto wapate kula, na aliandika kwamba kilichomchoma moyo kuliko kifungo chenyewe ni kumfikiria binti yake aliyekuwa kipofu. Ndivyo ilivyo hata sasa. Anapofungwa mmoja, nyumba nzima hufungwa pamoja naye.

Karne moja baadaye, mwaka 1773, kaunti hiyohiyo ya Bedford ilipata sherifu mpya, John Howard. Masherifu wengi waliichukua heshima ya cheo, wakaacha gereza mikononi mwa bwana jela. Howard aliingia ndani kujionea. Pengine alikumbuka kwamba mwaka 1756, akisafiri kwenda Lisbon, chombo chake kilitekwa na Wafaransa, naye akaonja kiu na njaa ya mateka huko Brest.

Aliyoyakuta yalimshtua. Bwana jela hakuwa na mshahara. Alijilipa kwa ada alizowatoza wafungwa. Ikawa kwamba mtu aliyeachiwa na mahakama, au ambaye mlalamikaji wake hakutokea kabisa, alirudishwa rumande na kufungiwa mpaka alipe ada ya kutolewa. Haki ilikwisha kutamka kwamba aende zake, lakini lango lilidai fedha. Howard aliwaomba mahakimu wa kaunti wamlipe bwana jela mshahara ili ada zifutwe. Wakamjibu amwoneshe kwanza kaunti nyingine iliyowahi kufanya hivyo. Akapanda farasi, akaenda kaunti jirani kuitafuta. Hakuiona. Aliuona udhalimu uleule kila alikokwenda, na safari aliyodhani ni ya siku chache ikawa kazi ya maisha yake.

Kutembelea gereza wakati huo kulikuwa kuhatarisha uhai. Homa ya magerezani, ambayo leo tunajua kuwa ni tifasi iletwayo na chawa, iliua wafungwa wengi kuliko kamba ya mnyongaji. Harufu ilizishika nguo za Howard kiasi kwamba hakustahimili kukaa ndani ya gari la farasi lililofungwa, akawa anasafiri juu ya farasi. Hata daftari lake aliweza kulisoma baada tu ya kulianika mbele ya moto. Hata hivyo alihesabu watu, akapima vyumba, akaandika uzito wa mkate. Katika hesabu yake ya mwaka 1776 alikuta wafungwa 4,084 katika Uingereza na Wales, na kati yao 2,437, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wamefungwa kwa madeni tu.

Mwaka 1774 alitoa ushahidi mbele ya Bunge, na mwaka huohuo zikapitishwa sheria mbili. Ya kwanza iliwapa uhuru bila ada wale walioachiwa na mahakama. Ya pili iliagiza vyumba visafishwe na wagonjwa watunzwe. Howard alizichapisha kwa gharama yake, akawapelekea mabwana jela wa kaunti zote. Kisha akaanza tena kuzunguka kuona kama zinatekelezwa, maana alijua kwamba sheria isiyo na jicho la mgeni hulala. Mwaka 1777 alitoa kitabu chake juu ya hali ya magereza. Alifariki mwaka 1790 huko Kherson, mbali na kwao, akiwa bado katika safari za kuwaona wafungwa na wagonjwa.

Howard hakuwa Mkatoliki, nasi hatuoni haya kujifunza kwake. Naye hakuona haya kujifunza kwetu: alipofika Roma alilisifu gereza la vijana la San Michele, lililojengwa kwa agizo la Papa Klementi wa Kumi na Moja mwanzoni mwa karne ya 18, kwa kuwa lilikusudia kumrekebisha kijana badala ya kumkomoa tu. Vivyo hivyo Elizabeth Fry, mama wa jamii ya Waquaker, aliyeingia Newgate jijini London mara ya kwanza mwaka 1813 na kukuta akina mama wamelundikana pamoja na watoto wao. Mwaka 1817 alianzisha chama cha akina mama cha kuwatembelea. Wakafungua shule ya watoto na kazi ya kushona. Sheria ya mwaka 1823 ikaagiza wafungwa wanawake wasimamiwe na wanawake.

Walowezi wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuvuka bahari na desturi zao, na gereza la kaunti likaenda nao Marekani pamoja na sherifu wake. Huko lipo hadi leo. Yako karibu 3,000, na ndani yake hukaa watu wanaongoja kesi pamoja na wenye vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka 1. Takwimu za serikali za katikati ya mwaka 2022 zilihesabu watu 663,100 katika magereza hayo, na karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa hawajahukumiwa. Wengi wa namna hii wako ndani kwa kukosa fedha za dhamana.

Je, nani anawatembelea, na kwa namna gani? Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri lililotoka gereza la kaunti ya Los Angeles. Ilisema kwamba Katiba haimpi mtu anayengoja kesi haki ya kuonana ana kwa ana na mwenzi wake, watoto au rafiki bila kizuizi kati yao. Hivyo mtoto huweza kumwona baba yake nyuma ya kioo, wakisemezana kwa simu, ingawa baba huyo hajakutwa na kosa. Baadaye zikaja skrini. Magereza kadhaa ya kaunti yalifunga vyumba vya wageni na kuweka mazungumzo ya video, ambayo mara nyingi hulipiwa kwa dakika. Jimbo la Texas lilitunga sheria mwaka 2015 ya kulinda ziara za ana kwa ana, ingawa iliacha baadhi ya kaunti nje. Mwezi Januari 2023 ikatiwa saini sheria ya taifa inayoipa mamlaka ya mawasiliano uwezo wa kudhibiti gharama za simu na video za wafungwa.

Wapendwa, tuyatazame hayo kwa makini. Ada ambayo Howard aliifukuza langoni mwaka 1774 ilirejea kwa njia nyingine. Zamani mtu alilipa ili atoke. Sasa mama analipa ili aione sura ya mwanawe. Ndiyo sababu tendo hili la huruma haliwezi kuachiwa serikali na sheria peke yake. Lango la gereza hujifunga lenyewe pole pole pale ambapo hakuna anayebisha hodi.

Mapapa wa nyakati zetu wamebisha hodi. Tarehe 26 Desemba 1958, Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alikwenda gereza la Regina Coeli, Roma, akawaeleza wafungwa kwamba kwa kuwa wao hawakuweza kumwendea, amewaendea yeye. Tena hakuficha kwamba katika ukoo wake pia alikuwapo aliyewahi kufungwa. Tarehe 27 Desemba 1983, Papa Yohane Paulo wa Pili aliketi chumbani na mtu aliyempiga risasi. Papa Fransisko alifika Regina Coeli Alhamisi Kuu, tarehe 17 Aprili 2025, akiwa dhaifu mno, siku 4 kabla ya kuaga dunia.

Sasa tulijibu swali tulilouliza mwanzoni. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana wetu anajihesabu pamoja na aliye kifungoni, wala haweki sharti kwamba mfungwa huyo awe hana hatia. Kuchunguza hatia kumekabidhiwa hakimu. Mgeni amekabidhiwa kazi nyingine, ya kufika. Perpetua alikuwa mtakatifu, wadeni wa Howard walikuwa maskini, na aliyempiga Papa risasi alikuwa na hatia kweli. Wote watatu walihitaji mtu wa kuketi nao.

Sisi Watanzania na Wakenya tulirithi kwa Waingereza sehemu kubwa ya sheria zetu za jinai, na pamoja nazo tukarithi mahabusu, yule mtu aliye ndani akiwa hajahukumiwa. Hatuhitaji kuvuka bahari kumtafuta. Wako akina mama wanaokaa kwenye mabenchi yetu ya kanisa na kusema kwamba kijana wao amesafiri, kwa sababu wanaogopa macho yetu. Aibu hiyo tumewabebesha sisi, nasi tunaweza kuwatua.

Tunapendekeza kwa jumuiya ndogo ndogo hatua ya kwanza iliyo rahisi. Kabla hamjafika gerezani, fikeni kwa familia. Waulizeni jina la ndugu yao, siku ya kesi yake, na siku ambayo wageni wanaruhusiwa. Kisha mmoja wenu asindikizane na mama huyo mpaka langoni, afuate taratibu za askari magereza kwa heshima, achukue kile kinachoruhusiwa, na asiulize kijana alifanya nini. Amwite kwa jina lake la ubatizo. Tarehe ya kesi ikifika, wawili au watatu waketi mahakamani ili hakimu aone kwamba mtu huyu ana watu wake.

Mashemasi wa Karthago walipata saa chache tu, nazo zilimtosha mama kumnyonyesha mwanawe. Nasi tusizidharau dakika chache tutakazopewa.

Mungu awabariki nyote. Dominika njema.