Modemu, CD na Hotspoti: Jinsi Laptopu Ilivyojifunza Kusafiri na Neti

Wasee, tuongee kuhusu hotspoti. Ile swichi unagusa ukiwa kwa mathree, laptopu kwa magoti, na kazi inaendelea mpaka Nakuru bila wewe kufikiria chochote. Wengi wetu tunaichukulia ni kama imekuwa hapo tangu dunia iumbwe. Zii. Kuna watu walitoka jasho ndio laptopu ishike mtandao nje ya nyumba, na ukijua hiyo stori utaelewa pia kwa nini bando huyeyuka ukifungua laptopu kuliko ukiwa kwa simu tu. Hiyo ya pili ndiyo inaniuma. Niliacha chuo, sina ofisi, nakula kupitia laptopu. Nikitaka kuenda ushago kuona shosho, ama kazi isafiri na mimi ama nisiende.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, intaneti Kenya ilikuwa na mlango. Unaenda saiba, unalipa kwa dakika, na macho yako yako kwa saa kuliko kwa skrini. Waliokuwa na laptopu walikuwa wachache, watu wa NGO na mameneja, na wakiwa safarini waliitumia kuandika tu. Halafu GPRS ikaingia kwa simu. Kwa makaratasi ilifika kilobiti 114 kwa sekunde. Kwa ground, ukipata 40 ulishukuru Mungu. Ili laptopu ionje hiyo neti ulihitaji simu kama Nokia 6310i, yenye infraredi. Unailaza simu mezani, kichwa chake kimeangaliana na kidirisha cheusi cha laptopu, na hakuna mtu kupumua. Mkono ukipita katikati, umekatika. Sasa jaribu hivyo ndani ya basi, barabara imejaa mashimo. Bluetooth ndiyo iliokoa watu, kwa sababu simu ingeweza kukaa mfukoni.

Hapa kuna kitu mimi napenda sana. Simu haikuiambia laptopu ukweli. Ilijifanya modemu ya zamani, ile ya waya wa simu ya nyumbani. Laptopu ilidhani inapigia mtu, kumbe namba yenyewe ilikuwa *99#, ambayo si ya mtu yeyote. Na amri zilizotumika zilianza na herufi AT, yaani kitu kama "hebu sikiza", lugha iliyotengenezewa modemu ya kampuni ya Dennis Hayes huko Marekani mwaka 1981. Kitu cha 1981 ndicho kilikuwa kinafungua barua pepe kwa basi la Mombasa!

Kusetiwa pia kulikuwa kazi. Ulihitaji APN, ulihitaji jina, ulihitaji neno la siri. Kwa Safaricom APN ilikuwa safaricom, jina saf, neno la siri data. Tafuta msee wa miaka 35 kwenda juu aliyekuwa na laptopu enzi hizo, mwambie tu "saf", uone kama hatajibu "data".

Mwaka 2007 Safaricom ikapewa leseni ya kwanza ya 3G nchini, kwa dola milioni 25. Ndipo modemu za USB zikaanza kuonekana. Mama yao wote ni Huawei E220, iliyotoka 2006. Kitu cheupe cha plastiki, umbo la kipande cha sabuni, unakiwekea laini na kukichomeka. Kilikuwa na uwezo wa megabiti 3.6 kwa sekunde, na ukitoka kwa GPRS hiyo ilikuwa kama kushuka kwa punda na kupanda ndege.

Lakini ujanja wake mkubwa haukuwa spidi. Ukiichomeka, ilijifanya CD. Kompyuta ikasema aah, CD imeingia, ikafungua programu iliyokuwa ndani, ikaisakinisha, kisha ile CD ikavua kofia na kugeuka modemu. Hakuna kutafuta fundi, hakuna *99# ya kuandika mwenyewe. Wasee wa Linux waliteseka kidogo, kwa sababu kwao modemu ilikuwa inakataa kuvua kofia, mpaka mtu akawaundia programu ya kuilazimisha. Nyinyi wengine mlisota kwa sababu nyingine, bei.

Na bei ilikuwa na sababu yake huko juu, literally juu. Mpaka 2009 upande huu wa Afrika haukuwa na hata kebo moja ya baharini. Data yetu ilipanda setilaiti, kilomita karibu 36,000, ikashuka Ulaya au Marekani, ikarudi njia ileile. Modemu yako ilikuwa na mbio lakini bomba lilikuwa nyembamba na ghali. Mwaka huo kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. SEACOM ikawashwa Julai. EASSy ikafuata 2010. Majahazi yamekuwa yakitoka Ghuba kuja Mombasa kwa karne nyingi, yakileta tende na kurudi na boriti, kwa hivyo kwangu inaleta maana kwamba hata neti ilipita njia hiyo.

Mwaka 2010 pia ndio Android 2.2 ilileta hotspoti ndani ya simu yenyewe. Wenye Nokia tayari walikuwa na JoikuSpot tangu 2008, ya kampuni ya Ufini. Marekani kampuni zilitaka ulipie hotspoti kando, na mwaka 2012 Verizon ilitoa dola milioni 1.25 kumaliza kesi ya kuzuia programu za kushare neti. Huku kwetu Nairobi, wasee wa Ushahidi walitambulisha BRCK mwaka 2013, modemu yenye betri ya kama saa nane, kwa sababu walielewa kwamba neti yetu hupotea pamoja na stima.

Sasa turudi kwa bando. Simu ilijifanya modemu, modemu ikajifanya CD, na hotspoti inajifanya waifai ya nyumbani. Huo uongo wa tatu ndio unakumaliza. Laptopu iliundwa na watu ambao neti kwao hutoka ukutani kama maji. Ikiona waifai inajua imefika nyumbani, inaanza kujinafasi: masasisho, picha kupanda kwa wingu, kila kitu. Mwaka 2015 Microsoft ilikubali kwamba ilikuwa inashusha mafaili ya Windows 10, mpaka gigabaiti 6, kwa kompyuta za watu ambao hawakuomba. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba hata walinzi wa wanyama huko Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, waliokuwa wanategemea setilaiti, laptopu yao ilianza kushusha hiyo Windows yenyewe msituni. Hao watu walikuwa wanafukuzana na majangili.

Tangu 2016 serikali imetuambia kupitia Ajira Digital tutafute kazi mtandaoni. Sawa, tumetafuta. Oktoba 2019 Safaricom ikaleta data isiyo na tarehe ya kuisha, na hiyo ilikuwa hatua. Lakini msee wa fiba kwake hulipia spidi kwa mwezi, na wewe wa hotspoti kwa kawaida unalipia kila megabaiti, hata zile laptopu imekunywa bila kukuuliza. Faili ni moja, mteja ni mmoja, malipo yenu ni yaleyale.

Windows imekuwa na dawa tangu toleo la 8, mwaka 2012, ila imejificha. Ukitumia modemu yenye laini, huwa inajiwasha. Kwa hotspoti, laptopu haijui, lazima uiambie mwenyewe. Fungua setingi za waifai, bonyeza jina la hotspoti yako, washa palipoandikwa "metered connection". Fanya kabla gari halijatoka stage.