Heroe mdogo

Heroe mdogo, au flamingo mdogo (Phoeniconaias minor), ni ndege wa maziwa ya magadi, mwenye miguu mirefu na manyoya ya rangi ya waridi.

Wakazi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, hawaoni makundi yake ufukweni, ingawa Ziwa Tanganyika nalo limo katika Bonde la Ufa, kama maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki. Tanganyika lina njia ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kalemie, na maji yake yanafaa ndagala na mikeke. Maziwa ya magadi hayatoi mto wowote: jua linakausha maji, chumvi inabaki, na humo hustawi mwani mdogo mno uitwao Arthrospira. Huo ndio chakula kikuu cha heroe mdogo, na rangi yake pia inatokana nao. Karibu na mpaka wa Kongo, ndege hawa hufika kwa msimu katika ziwa la kreta la Munyanyange, huko Katwe nchini Uganda.

Heroe hula akiwa ameinamisha kichwa hadi mdomo wa juu unakuwa chini. Ulimi husukuma maji ndani na nje kwa kasi, na vichujio vyembamba vya mdomo hubakiza mwani.

Kuzaliana ndiko kugumu. Katika Afrika Mashariki yote ni Ziwa Natron peke yake, kaskazini mwa Tanzania, ambako heroe wadogo huzaa mara kwa mara. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wanaaminika kutoka huko. Hujenga viota vya tope vilivyoinuka kama vichuguu vifupi katikati ya magadi, mahali ambapo fisi hathubutu kufika. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuvifikia kwa miguu, magadi yakamuunguza hata akalazwa hospitali. Jike hutaga yai moja tu, na wazazi huliatamia kwa zamu kwa muda wa wiki nne hivi. Kifaranga huanguliwa akiwa wa kijivu, hulishwa majimaji yanayotoka kooni mwa wazazi wote wawili, kisha huingia katika kundi la vifaranga maelfu.

Ndege wa yai moja hufidia hasara polepole sana. Mwaka 1962, Natron lilipofurika, heroe walihamia Ziwa Magadi nchini Kenya. Chumvi ikaganda miguuni mwa vifaranga kama pingu, na watu wakaingia ziwani kuwavunjia pingu hizo maelfu ya vifaranga.

Leo hatari kubwa ni maji kuzidi. Mvua nyingi za miaka ya karibuni, zilizoinua Tanganyika hadi likaingia katika nyumba za mtaa wa Kavimvira huko Uvira, zimeinua pia maziwa ya magadi. Ziwa Nakuru lilipanuka kwa asilimia 91 kati ya 2009 na 2022. Chumvi ikapungua makali, mwani ukapungua, na heroe wakatawanyika. Huko Natron kulikuwa na tishio jingine pia: mpango wa kiwanda kikubwa cha magadi uliotangazwa mwaka 2006, ambao ulipingwa vikali na watetezi wa ndege.

Natron ni eneo la Ramsar tangu 2001, lakini si hifadhi ya taifa, na mto Ewaso Ng'iro unaoliletea maji unatoka Kenya. Tanzania haiwezi kumlinda heroe peke yake: misitu inayolisha mto huo na maji yake lazima vilindwe na nchi zote mbili.