Nani Alikuwa Laini? Siku Moja ya Januari 1982

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuniona, mtu wa historia na siasa, nikijishughulisha leo na futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao kwetu hauna mashabiki wa kutosha kujaza daladala moja. Sababu yangu ni hii. Nilipokuwa masomoni Marekani, kila msimu niliwasikia watu wazima, baadhi yao wasomi wakubwa, wakibishana juu ya swali lile lile: timu inayotegemea pasi, je, mchezo wake wa kukimbia una ugumu wa kutosha? Mwanzoni nililichukulia kuwa gumzo la baraza tu. Baadaye nilitambua kuwa ni swali la kihistoria, na kwamba jibu lake la mazoea limewaonea watu.

Kwa asiyeujua mchezo huo, maelezo machache yatatosha. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isogee mbele walau yadi 10, yaani mita 9 hivi. Inaweza kumpa mkimbiaji mpira, aukumbatie kifuani na kupenya katikati ya miili ya wapinzani. Au inaweza kumwachia kwotabeki, ambaye ndiye kiongozi wa mashambulizi, aurushe kwa mwenzake aliye mbele. Njia ya kwanza huhesabiwa kuwa ya kiume, ya jasho na damu. Ya pili husifiwa kwa uzuri wake, lakini hushukiwa.

Shuku hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1905 vijana kadhaa walifariki viwanjani, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia ukatili wa mchezo. Mwaka uliofuata pasi ya mbele ikahalalishwa. Kwa maneno mengine, pasi iliingizwa mchezoni kama sehemu ya juhudi za kuokoa maisha, lakini hadi leo anayeitegemea hudaiwa uthibitisho kwamba si mwoga. Mwaka 1978 ligi kuu ya kulipwa, NFL, ilibadili sheria tena: walinzi wakakatazwa kuwagusa wapokeaji wa pasi kupita yadi 5 za kwanza, na wachezaji wa safu ya mbele wakaruhusiwa kunyoosha mikono kumkinga kwotabeki wao. Pasi ikatamalaki.

Hakuna timu iliyoitumia nafasi hiyo kwa fahari kuliko San Diego Chargers chini ya kocha Don Coryell. Mwaka 1981 kwotabeki wao, Dan Fouts, alirusha pasi za jumla ya yadi 4,802, rekodi ya ligi kwa wakati huo. Timu ilifunga pointi 478, nyingi kuliko timu nyingine yoyote. Tarehe 2 Januari 1982, katika joto na unyevunyevu wa Miami, iliwashinda Dolphins 41 kwa 38 baada ya muda wa nyongeza, katika pambano ambalo wengi huko hulitaja miongoni mwa makubwa kabisa ya mchezo huo.

Siku nane baadaye, tarehe 10 Januari, Chargers walikuwa Cincinnati wakitafuta nafasi ya kuingia fainali kuu, Super Bowl. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 23 za Selsiasi chini ya sifuri, na upepo ulikuwa mkali. Bengals wa Cincinnati walishinda 27 kwa 7. Hukumu ikatolewa papo hapo na haijafutwa: timu ya pasi ni timu ya jua, baridi ikija na mikono ikifa ganzi, anayejua kubeba mpira ndiye hushinda, na San Diego hawakuwa na ugumu huo.

Nilipokaa kuzisoma takwimu za msimu ule, niliona kwamba hukumu hiyo haisimami. San Diego walikuwa na mkimbiaji aliyeitwa Chuck Muncie, pande la mtu, ambaye msimu ule alikimbia yadi 1,144 na kufunga mara 19, idadi iliyoifikia rekodi ya ligi ya wakati huo. Siku ile ya barafu alibeba mpira mara 23 na kupata yadi 94, wastani wa zaidi ya yadi 4 kila mara. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa mkimbiaji yeyote, hata penye jua. Kilichowaangusha Chargers ni mipira waliyoipoteza, na zaidi ya hapo ni ulinzi wao, ambao msimu mzima uliruhusu pointi 390 na kuwa miongoni mwa dhaifu kabisa katika ligi.

Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa nchi, timu nyingine ya pasi ilikuwa mtihanini. San Francisco 49ers walifundishwa na Bill Walsh, ambaye mwaka 1976 alikuwa kocha msaidizi huko huko San Diego. Falsafa yake ilikuwa ya pasi fupi fupi, zinazofanya kazi ambayo wengine huifanya kwa kukimbia. Mkimbiaji aliyewaongoza 49ers msimu ule, Ricky Patton, alikuwa na yadi 543 tu, chini ya nusu ya zile za Muncie. Kama ugumu ungepimwa kwa takwimu hizo, San Francisco ndio waliostahili kuitwa laini.

Zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 54, 49ers walikuwa nyuma ya Dallas Cowboys, 27 kwa 21, na mpira ulikuwa kwao, yadi 89 kutoka mstari wa kufungia. Dallas, wakijua wanapambana na timu ya pasi, waliongeza walinzi wa kuzuia pasi na kupunguza watu wazito wa katikati. Walsh akaliona pengo hilo, akaanza kukimbia. Alimtumia Lenvil Elliott, mkimbiaji wa miaka 30 ambaye wengi walikwisha kumsahau, akapita pembeni na katikati, mara kwa mara, hadi Dallas wakayumba. Ndipo Joe Montana alipoirusha ile pasi maarufu kwa Dwight Clark, zikiwa zimesalia sekunde 51. Matokeo yakawa 28 kwa 27. Picha inayotundikwa ukutani ni ya Clark akiwa hewani. Mbio za Elliott zilizowafikisha pale hazina picha.

Hapa ndipo ninapoiweka hoja yangu ya kwanza. Ugumu wa mchezo wa kukimbia haupimwi kwa wingi wa mbio wala kwa uzito wa miili. Hupimwa kwa uwezo wa kukimbia pale adui alipoliacha pengo. Timu ya pasi haihitaji kukimbia sana. Inahitaji kukimbia kwa wakati wake, na kuwa na mtu anayeaminika wakati huo ukifika.

Hoja ya pili inanigusa zaidi. Katika ulinzi wa San Francisco siku ile alikuwapo mtu aliyeitwa Fred Dean. Miezi michache kabla alikuwa mchezaji wa San Diego, na kazi yake ilikuwa kuwasaka makwotabeki wa timu pinzani. Aligombana na mwajiri juu ya mshahara, na mwezi Oktoba 1981 akauzwa San Francisco. Katika pambano lake la kwanza kwa 49ers, tarehe 11 Oktoba, waliwafunga Dallas hao hao 45 kwa 14. Mpokeaji pasi hodari, John Jefferson, naye aliondoka San Diego mwaka ule ule kwa mgogoro wa mkataba. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Dean alicheza kwao asitunzwe, akaenda kutunzwa ugenini. Leo jina lake limo katika jumba la heshima la mchezo huo.

Basi ugumu wa San Diego haukupotea katika baridi ya Cincinnati. Sehemu yake ilikwisha kuondoka miezi mitatu kabla, mezani, palipojadiliwa malipo. Lakini meza haina watazamaji. Mashabiki walimwona mkimbiaji akitweta mvuke, wakamwona kwotabeki mwenye barafu ndevuni, wakasema: hawa ni laini.

Wiki mbili baadaye, tarehe 24 Januari, 49ers walikutana na Bengals katika fainali. Katika robo ya tatu Bengals walifika yadi 3 tu kutoka mstari wa kufungia, na mkimbiaji wao alikuwa Pete Johnson, mwenye zaidi ya kilo 110. Walijaribu mara nne. Mara ya nne Johnson aligonga ukuta wa miili, akaanguka kabla ya mstari. San Francisco, timu ya pasi fupi, walishinda 26 kwa 21.

Nimekaa katika vikao vingi vya taasisi, ambavyo sitavitaja, nikawasikia wakubwa wakilalamika kuwa watumishi wa siku hizi hawana uvumilivu wala ukakamavu. Kila mara huwa najiuliza ni nani aliyekuwa ameketi kwenye kiti kile kilicho wazi, na kwa nini aliondoka. Chuck Muncie alibeba mpira mara 23 katika baridi ambayo wengi wetu tusingeweza hata kusimama ndani yake. Anayetaka kujua kwa nini timu yake ilishindwa asianze kumpima yeye. Aanze na vitabu vya hesabu vya waajiri wake.