Talaka kwa Wanandoa wa Visiwani Wanaoishi Dodoma: Njia ya Kadhi, Baraza na Mahkama



Tangu shughuli za Serikali zilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, vijana wengi wa Unguja na Pemba wamekwenda huko kwa kazi, biashara na masomo, na wengine wamefuatana na wake zao. Ndoa ikivunjika huko, wazee waliobaki Visiwani huifikiria kwa utaratibu wanaoujua: mume ametoa talaka, mke akae eda, Kadhi aandike, basi. Dodoma mambo hayaishii hapo. Tumeona ni wajibu kuieleza njia yote, kwani ndugu zetu wengi, hasa wanawake, huwa wameachwa kwa dini na bado ni wake za watu kwa sheria ya nchi.

Kwanza: talaka katika dini

Ndoa huvunjika kwa njia tatu zinazojulikana zaidi.

*Talaka ya mume.* Ya Sunnah ni talaka moja, mke akiwa katika tohara ambayo hawakuingiliana. Talaka rejea ni mbili kama ilivyo katika Suratul-Baqarah, Aya ya 229. Ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe bila ya ndoa mpya.

*Khului.* Mke anajivua kwa kurejesha mahari au kitu walichoridhiana. Asili yake ni Aya hiyo hiyo na kisa cha mke wa Thaabit bin Qays (Radhwiya Allaahu 'anhu) aliyemrejeshea mumewe shamba alilompa.

*Faskhi.* Kadhi anaivunja ndoa kwa sababu ya kisheria, kama mume kushindwa kutoa matumizi, au madhara yaliyothibitika.

Huulizwa sana kuhusu talaka ya ujumbe wa simu. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, talaka ya maandishi ni kinaya, yaani hutazamwa nia ya mwandishi. Kwa hiyo mke asiufute ujumbe huo wala asijihukumie mwenyewe. Aupeleke kwa Kadhi, naye mume aulizwe alikusudia nini.

Pili: tofauti ya Visiwani na Bara

Zanzibar, Mahkama ya Kadhi ni chombo cha dola. Inafanya kazi chini ya Sheria Namba 9 ya 2017, na hukumu yake ina nguvu ya kutekelezwa.

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 1971. Hii ni sheria moja kwa Waislamu, Wakristo na wengineo. Inaitambua ndoa iliyofungwa Kiislamu, lakini kuivunja imeiachia Mahkama. Kifungu cha 12 kinasema ndoa, iwe imefungwa Tanzania au kwengineko, itaendelea kuwepo kwa sheria ya Bara mpaka mmoja afe au Mahkama itoe amri, isipokuwa talaka iliyotolewa nje ya Tanzania na ikatambuliwa. Kwa hivyo kuwa ndoa ilifungwa Mkunazini au Wete hakuwatoi wanandoa wanaoishi Dodoma katika sheria hiyo.

Makadhi wapo Bara chini ya BAKWATA, iliyoundwa mwaka 1968. Wanasuluhisha, wanafundisha na wanatoa hukumu ya dini. Lakini hawana nguvu ya dola ya kumlazimisha mtu alipe matumizi wala ya kugawa nyumba.

Tatu: hatua za kufuata Dodoma

1. *Wazee wa pande mbili.* Suratun-Nisaa, Aya ya 35 imeelekeza apelekwe msuluhishi kutoka kwa watu wa mume na mwengine kutoka kwa watu wa mke. Umbali usiwe udhuru. Kama safari ni nzito, wazee wazungumze kwa simu kabla ya jambo kufika kwa watu wa nje.

2. *Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.* Sheria haipokei ombi la talaka mpaka Baraza lithibitishe kwa hati kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Jumuiya ya dini inaweza kuwa na Baraza lake lililoidhinishwa, na BAKWATA wanayo. Muulizeni Shekhe wa Wilaya, iwe Dodoma mjini, Kondoa au Mpwapwa. Hati hiyo isizidi miezi sita mpaka siku ya kufungua shauri. Zipo hali zinazosamehewa, kama mume aliyemtelekeza mkewe na hajulikani alipo, au aliyeitwa na Baraza akakataa makusudi kuhudhuria.

3. *Mahkama.* Shauri linaweza kufunguliwa hata Mahkama ya Mwanzo. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili, inahitajika ruhusa ya Mahkama kwanza.

Nne: kifungu ambacho Waislamu wengi hawakijui

Kifungu cha 107(3) kinahusu ndoa za Kiislamu peke yake. Kinasema: ikithibiti kuwa ndoa ilikuwa ya Kiislamu, na Baraza limeshindwa kuwapatanisha, kisha *baada ya hati hiyo* mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, Mahkama itaamua kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na itatoa amri ya talaka.

Angalieni mpangilio wake. Mume akitaliki leo kwa hasira na Baraza likaendewa baada ya miezi minane, talaka ya dini imeshapita na pengine eda imekwisha, lakini mpangilio wa kifungu hiki haukutimia. Mke atalazimika kuthibitisha kuvunjika kwa ndoa kwa sababu nyengine. Lau mume angesubiri Baraza, talaka moja ingetosha kote kuwili. Na kusubiri huko ndiko dini inakotutaka pia: suluhu kwanza, talaka mwisho.

Tano: tarehe mbili, na hatari zake

Tuchukue mfano wa dada aliyetalikiwa kwa dini mwezi wa Rajab, akakaa eda yake ikamalizika, akachumbiwa. Hajawahi kufika Mahkamani. Akiolewa Bara, ndoa hiyo ya pili ni batili mbele ya sheria ya nchi, kwani kwenye sheria bado ana mume. Haki zake na za watoto atakaowazaa zinaweza kuja kupingwa siku ya mirathi.

Kinyume chake nacho kipo: dada amepata amri ya Mahkama, lakini mume hajatamka talaka na anasema, "Mimi sikumuacha." Maulamaa wa zama hizi wamekhitilafiana juu ya hukumu ya hakimu asiye Kadhi; wapo walioikubali na wapo waliotaka ithibitishwe na chombo cha Kiislamu. Rai yetu ni kutoka katika shaka: achukue amri ile, aende kwa Kadhi, mume atakiwe kutamka talaka au kukubali khului, na akikataa Kadhi atazame sababu za faskhi. Eda ihesabiwe kama Kadhi atakavyoelekeza. Asiolewe kabla ya hapo.

Sita: watoto, matumizi na mali

Mahkama ya Bara inaweza kuamuru matumizi ya mke wa ndoa ya Kiislamu kwa muda wa eda. Katika malezi hutangulizwa maslahi ya mtoto, na aliye chini ya miaka saba hukadiriwa kuwa ni bora akae na mama, mpaka ithibitike vyengine.

Katika mali iliyochumwa pamoja, Mahkama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983 iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kwa hiyo wekeni risiti na hati, na kila mmoja aseme kweli. Amri ya Mahkama haimhalalishii mtu kitu anachojua kuwa si chake.

Nasaha zetu

Mzazi uliyeko Visiwani, binti akikupigia simu kuwa ameachwa, usimwambie tu, "Panda boti urudi." Muulize: talaka imetamkwa lini, kwa maneno gani, na nani alishuhudia? Baraza limekwendewa? Cheti cha ndoa kiko wapi? Mwambie aandike tarehe. Majibu hayo ndiyo yatakayomlinda yeye, watoto wake na ndoa yake ijayo.

Nawe mume, Allaah Ametuamuru kukaa kwa wema au kuachana kwa ihsani. Kumuacha mke kwa dini kisha kumfunga kwa karatasi si ihsani, ni dhulma. Nenda naye Barazani, maliza ulichokianza.

Na Allaah Anajua zaidi.